Nilisema Darasa la Saba, na Watu Walisikia

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa chepe lenye mpini uliopasuka, na nyapara akaniambia nikitaka kulalamika nirudi nyumbani nikapike. Sikulalamika. Nilibandua ganda la mti wa mwati, nikaufunga ule mpini, nikaingia mtaroni. Ilikuwa barabara ya kwenda Lupembe, katikati ya masika, ukungu umelalia mashamba ya chai na malori ya majani mabichi yamekwama mstari mzima. Chai ikishachumwa haina subira. Ikishinda kwenye lori lililokwama inageuka takataka, na mkulima aliyeichuma anabaki kujishika kiuno. Ndiyo maana halmashauri ilikuwa inachukua mtu yeyote mwenye mikono, awe mwanamume au mwanamke, na ndivyo mimi nilivyopata kazi.

Nawaandikia ninyi vijana mnaopita barabara zile leo kwa bodaboda, mkiona mtaro mnadhani umechimbwa na mvua. Mtaro unachimbwa na mtu. Na barabara ya udongo haitengenezwi mara moja ikaachwa. Inatakiwa iwe na mgongo, yaani katikati iinuke kuliko pembeni, ili maji yateremke kwenye mitaro badala ya kukaa njiani. Mitaro nayo inatakiwa ichimbiwe njia za kumwaga maji shambani kila baada ya mwendo fulani, la sivyo inakuwa korongo. Kalavati, yale mabomba makubwa yanayopitisha maji chini ya barabara, yanatakiwa yazibuliwe kabla ya mvua, na anayezibua anaingia humo kwa tumbo. Hiyo ndiyo kazi niliyofanya tangu nikiwa binti mpaka nikawa Mama Huruma, jina ninaloitwa hadi leo.

Kazi yenyewe ilikwenda kwa ngwe. Ngwe ni kipande cha kazi anachopimiwa mtu mmoja kwa siku. Nyapara anatembea na kamba yenye mafundo, anapigilia mambo, yaani vigingi vya miti, anasema hii yako, hii yako. Ukimaliza ngwe yako na nyapara akaikubali, siku yako imekwisha, hata kama jua ndiyo kwanza linachomoza. Hakuna wa kukuuliza unakwenda wapi. Kwa sisi wanawake ngwe ilikuwa ndiyo maisha yenyewe, maana ukimaliza mapema unakwenda kupalilia viazi vyako. Na msimu wa kupanda, nyapara mwenye utu alipima ngwe jioni, ili watu waingie kazini alfajiri na wawahi mashamba yao. Tuliita ngwe ya jioni. Ishike hiyo, nitairudia.

Kupima ngwe kuna ugomvi wake. Udongo mwekundu ulio laini unapimiwa ngwe ndefu, penye mawe ngwe fupi, na kila mtu anaona ya mwenzake ndiyo fupi. Mama mjamzito tulimpimia kama wengine, kisha wawili watatu wanaingia kwenye ngwe yake bila kusema neno. Nyapara anageukia upande wa pili. Nyapara wangu wa Lupembe, yule wa mpini uliopasuka, alikuwa mkali na mdomo wake mchafu, lakini kwenye hilo aligeuka kila mara.

Nikakaa Lupembe misimu kadhaa, nikaolewa, nikahamia kwa mume wangu pembeni ya Makambako. Huko nikaingia genge jingine. Barabara zetu zilikuwa za mashambani, zile zinazotoa mahindi na viazi kuleta mjini kwenye barabara kuu na reli. Makambako ilikuwa inafura siku zile. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa, wageni wamejaa, wenye malori kutoka mikoa yote wamepanga vyumba, msikiti unaongezwa, maduka yanaota mpaka kwenye uchochoro. Na upepo wa pale mnaujua. Ukiongea na mtu aliye hatua chache, sharti upaze sauti.

Upepo huo ndio ulioniokoa baadaye.

Ilikuwa hivi. Nyapara wetu alistaafu, na Mhandisi wa Wilaya akaja mwenyewe kuchagua mwingine. Alikuwa mtu mzima, mfupi, koti lake la mvua halivuki kiuno, anapenda kukagua mitaro kwa kushuka ndani yake. Alitupanga pembeni ya barabara, upepo unapiga mpaka kofia za watu zinakimbia. Akawauliza watu wa genge nani anapima ngwe bila upendeleo. Wakanitaja mimi. Akanitazama toka alipokuwa, upande wa pili wa barabara, akapiga kelele.

"Mama, umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la saba, Mzee!"

"Sisikii!"

"Darasa la saba!"

"Basi linatosha! Anayetaka cheti cha sekondari akatafute kazi benki!"

Genge zima lilicheka, na yeye akacheka. Siku hiyo nikawa nyapara. Hakuna aliyenipendelea, hakuna niliyemwomba, na sikuficha kitu.

Sasa niseme kuhusu hilo darasa la saba, maana hapa ndipo hasira yangu inapokaa, na haijahama. Sisi tulipomaliza shule, mgeni rasmi alisimama mbele yetu akatuambia elimu ya msingi imekamilika yenyewe. Alituambia hatukusomeshwa ili tukimbilie mjini kutafuta karatasi, tumesomeshwa ili turudi tukajenge nchi. Tukapiga makofi. Katika darasa letu zima waliochaguliwa kwenda sekondari walikuwa wachache wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na si kwamba sisi wengine tulikuwa mbumbumbu. Nafasi hazikuwapo. Serikali ilijua hazipo, ndiyo maana ikatuambia tusizihitaji. Tukaamini. Tukachukua majembe na machepe, tukajenga hiyo nchi tuliyoambiwa tuijenge. Msije mkaniambia baada ya hapo kwamba sikusoma kwa uvivu wangu.

Baada ya miaka, halmashauri ikaishiwa nguvu. Barabara za mashambani zikawekwa chini ya mradi wa serikali, na manyapara tukaitwa wasimamizi wa sehemu, tukapewa mikataba. Mkataba ulikuwa wa muda, ukiisha unaongezwa. Nilisaini wa kwanza, nikasaini wa pili, nikasaini wa tatu. Niliposaini huo wa tatu hakuna aliyeniambia lete cheti cha sekondari. Neno hilo halikuwamo. Walitaka mtu anayejua barabara, nikawaambia mimi hapa, wakasema karibu.

Kisha Mhandisi wetu akahamishwa mbali, kusini kabisa, na mradi ukaletewa Mratibu. Huyu alikuwa kijana wa suti, mwenye sauti ya upole. Siwezi kusema alikuwa mjinga, hakuwa mjinga. Alijua mahesabu, alijua magari, alijua kuongea na wageni waliokuwa wakija kukagua. Lakini alikuwa hashuki kwenye gari. Alikuwa anateremsha kioo, anauliza, anapandisha kioo.

Asubuhi moja aliniita ofisini Makambako. Nikavaa kitenge cha kanisani, nikidhani ni habari za kalavati jipya. Nilimkuta na karani wake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba."

"Mama, kuna maelekezo mapya. Wasimamizi wote wa sehemu wanatakiwa wawe na elimu ya kidato cha nne."

"Mimi nina darasa la saba."

"Ndiyo tatizo. Tulipopitia, imeonekana uliingia kwenye nafasi hii bila sifa. Hukutueleza."

"Sikuwaeleza nini, baba? Nani aliniuliza nikakataa kujibu?"

Akatazama meza. "Faili lako la zamani halionekani, Mama. Tulichonacho ni kwamba umeshika nafasi usiyostahili. Hiyo inaitwa udanganyifu. Mkataba wako umesitishwa kuanzia leo."

Kuambiwa huna sifa ni jambo moja. Ningelia, ningekwenda zangu. Lakini kuitwa mdanganyifu, mimi, niliyepiga kelele mbele ya genge zima mpaka mashamba yakasikia! Nilimuuliza yule Mratibu kama anajua maana ya neno alilolitamka. Akasema, "Mama, usichukulie moyoni, ni lugha ya ofisi tu."

Lugha ya ofisi. Miaka yote hii nikilikumbuka jibu hilo meno yanasagana.

Jumapili ile kanisani watu wakanisalimia kwa huruma ambayo sikuipenda. Mama mmoja wa kwaya akaniuliza polepole kama ni kweli nilighushi cheti. Nikamwambia ningeghushi nini, wakati sikuwahi kuonyesha cheti cha aina yoyote? Akaitikia kwa kichwa, lakini niliona hakushiba. Nyumbani mume wangu, Baba Huruma, aliniambia taratibu jioni tukimenya mahindi.

"Achana nao, Mama Huruma. Mashamba tunayo. Tulime viazi."

"Viazi nitalima. Lakini nitalima nikiwa nani? Mwongo wa barabara?"

Akaendelea kumenya mahindi. Kesho yake asubuhi alinitengenezea viatu vyangu vya kazi, akavipaka mafuta, akaviweka mlangoni. Nikajua ameniruhusu.

Nikaenda kwa Katibu wa chama cha wafanyakazi pale Makambako. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri. Alikuwa mzee mwembamba, anavuta sigara bila kuimaliza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanifungua macho.

"Unajua kwa nini wametumia neno udanganyifu?"

"Kwa sababu hawana adabu."

"Hilo nalo. Lakini sikiliza. Wangekupunguza kazi, wangetakiwa wakupe taarifa mapema na haki zako zote. Wakikuita mdanganyifu, unatoka mikono mitupu siku hiyo hiyo, na hakuna ofisi ya serikali itakayokugusa tena. Ni njia ya mkato. Wanafanyia watu wengi siku hizi, na watu wengi wanaona aibu, wanakwenda zao kimya."

"Mimi siendi kimya."

"Nimeona," akasema, akazima sigara. "Basi tunapeleka baraza la usuluhishi, Njombe. Mwenyekiti atakuwapo, na mtu wa upande wa waajiri, na mtu wa upande wa wafanyakazi. Wao watasema ulidanganya, wewe utasema hukudanganya. Faili halipo. Mhandisi yuko mbali, tutamwandikia ila usimtegemee. Nani mwingine alisikia ukisema darasa la saba?"

"Genge zima."

"Basi lete genge."

Alisema kirahisi. Hakujua, au alijua akaninyamazia, kwamba watu wa genge ni vibarua wa siku. Hawana mkataba wa kuvunjwa. Mtu akiambiwa kesho usije, ndiyo basi.

Kesi iliahirishwa, ikaahirishwa tena. Mara Mwenyekiti yuko safarini, mara mwakilishi wa mradi hajapata barua, mara ukumbi umechukuliwa na semina. Kila mara mimi nilipanda gari kutoka Makambako, nikakaa kwenye benchi nje, baridi ya Njombe inaingia kwenye mifupa, nikarudi. Ninyi mnaosema sheria ipo kwa wote, nendeni mkakae kwenye benchi lile mwezi wa sita. Mradi ulikuwa hauna haraka. Mkataba wangu ulikuwa unakwisha wenyewe siku baada ya siku, na wao walikuwa wanalijua hilo kuliko mimi. Mhandisi hakujibu barua. Sijui kama ilimfika, sijui kama ilimfika akaogopa. Simlaumu, wala simsamehe bado.

Hatimaye ikapangwa siku ya mashahidi. Nikawafuata wenzangu majumbani. Wote walinikaribisha, wote walinipa kiti na chai, na wote walitazama chini. Mratibu alikuwa ameshatangaza kwa kupitia Festo, kijana wa kidato cha nne aliyewekwa mahali pangu, kwamba atakayeacha kazi kufuata kesi ya watu asirudi tena. Mama Tumaini, aliyekuwa shoga yangu tangu siku ya kwanza Makambako, alinisindikiza hadi njiani.

"Mama Huruma, unajua sisi tuna watoto."

"Najua."

"Usinikasirikie."

"Sikukasirikii wewe."

Na kweli sikumkasirikia. Niliwakasirikia waliomfanya aogope kusema jambo alilolisikia kwa masikio yake.

Siku yenyewe nikaenda Njombe peke yangu na Katibu. Tukaitwa saa nne. Mwakilishi wa mradi alikuwa amevaa tai, ana mkoba, anasema kwa ufasaha. Akaeleza kwamba nafasi ya msimamizi inahitaji sifa, kwamba mimi sina, kwamba nilinyamaza kwa makusudi nikanufaika. Mwenyekiti, mwanamume mnene wa makamo aliyekuwa na mafua, akaniuliza kama nina shahidi. Katibu akajikohoza. Nikafungua mdomo niseme sina.

Mlango ukagongwa.

Waliingia watu wa genge. Si wote, lakini wengi wao, wanawake mbele, matope mpaka magotini, mmoja bado ameshika sururu kwa kusahau. Karani wa baraza akawaambia sururu ibaki nje. Mama Tumaini alikuwa anahema. Akanitazama, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kamwene," salamu yetu ya kila siku, kama vile tumekutana kisimani.

Niwaeleze ilivyokuwa, maana mimi niliambiwa baadaye. Siku moja kabla, Mama Tumaini alimwendea Festo akamwomba apime ngwe ya jioni. Hakumweleza sababu. Festo hakuuliza. Alikuwa ameagizwa na Mratibu kwamba siku ya kesi ngwe ziwe ndefu, na watu washinde nazo mchana kutwa. Kijana yule alichukua kamba, akapima ngwe za siku zote, akapigilia mambo, akageukia upande wa pili. Sikuwahi kumpenda Festo kwa kukaa mahali pangu, lakini siku hiyo alifanya kazi ya nyapara kweli kweli. Alfajiri wakaingia mtaroni giza likiwa halijaisha vizuri. Walipomaliza, Festo akakagua ngwe moja moja, akasema zimekubalika, nendeni. Hawakuacha kazi. Kazi ilikuwa imekwisha, na aliyemaliza ngwe yake hana wa kumwuliza anakwenda wapi.

Barabarani walimkuta Bwana Sefu, mfanyabiashara wa viazi, mtu wa Tanga aliyehamia Makambako, anawasha lori kwenda Njombe kupakia. Mama Tumaini akamwambia wanataka kwenda mahakamani kwa Mama Huruma. Bwana Sefu akauliza, "Yule aliyenitoa kwenye tope masika ile?" Akawafungulia nyuma. Hakutaka nauli, alisema lori linakwenda tupu, basi litakwenda na watu.

Mwakilishi wa mradi alisimama haraka akapinga mashahidi kusikilizwa, akisema ni vibarua walioacha kazi. Mwenyekiti akamwuliza Mama Tumaini.

"Mmeacha kazi?"

"Hapana, Mheshimiwa. Tumemaliza ngwe."

Mwenyekiti akamgeukia yule mjumbe wa upande wa waajiri, ambaye aliwahi kuwa na shamba kubwa la miwati na anajua mambo ya ngwe. Mjumbe yule akasema, "Kama wamemaliza ngwe, siku ni yao." Wakaruhusiwa.

Mama Tumaini akaeleza siku ile ya Mhandisi. Upepo, kofia zilizoruka, swali, jibu. Mwakilishi akatabasamu.

"Mama, hiyo ni miaka mingi. Unakumbukaje neno kwa neno?"

"Kwa sababu alisema mara mbili. Mara ya kwanza Mhandisi hakusikia. Sisi tulisikia."

"Na una hakika hukulishwa maneno haya jana?"

"Baba, siku ile tulicheka na bwana mkubwa. Tangu nizaliwe nimecheka na bwana mkubwa mara ngapi? Nitasahau?"

"Na wewe mwenyewe umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"La nne. Lakini huko mtaroni hawakunipima masikio."

Mwenyekiti alicheka mpaka mafua yakamzidi. Wengine wakasimama mmoja mmoja, kila mtu akasema alichosikia kwa maneno yake. Mzee mmoja akaongeza ile habari ya benki, na hapo hata mwakilishi wa mradi aliinamisha uso. Mimi nilikuwa nimekaa nalia kwa hasira. Msifikiri ni furaha. Nilikuwa nawaza, kumbe ilihitajika watu hawa waamke alfajiri, waloe, wapande lori la viazi, ili serikali iamini jambo ambalo mtumishi wake mwenyewe aliliuliza kwa sauti na akajibiwa kwa sauti.

Uamuzi haukutoka siku hiyo. Mambo ya namna hiyo hayatoki siku hiyo. Wiki zikapita. Na Mratibu, kwa kuwa hakuweza kumfukuza mtu aliyemaliza ngwe, akaifuta ngwe yenyewe. Watu wakaanza kukaa barabarani mpaka saa tisa alasiri, wamemaliza au hawajamaliza, wanaegemea machepe yao huku magugu yanafunika viazi vyao. Ndivyo walivyolipishwa kwa kunisemea. Mama Tumaini hakunitupia neno hata moja, na hilo liliniuma zaidi.

Hatimaye tukaitwa. Mwenyekiti akasoma kwamba sikudanganya, kwamba mwajiri aliijua elimu yangu tangu mwanzo, kwamba sharti halikuwamo nilipousaini mkataba na haliwezi kuchomekwa katikati ili kumtupa mtu, na kwamba nirudishwe kazini mara moja. Katibu alinishika mkono akautikisa mpaka bega likauma. Ilikuwa Jumatano. Alhamisi nikaenda ofisini kwa Mratibu, nimevaa viatu vyangu vya kazi.

"Hongera, Mama," akasema, na ule upole wake. "Umeshinda. Ila sijui kama umeangalia. Mkataba wako unaisha kesho, na hatuongezi. Nafasi ina sharti la kidato cha nne sasa, limeandikwa. Unaweza kupumzika tu nyumbani, siku hiyo tutakuhesabia."

Alikuwa anatabasamu. Alidhani amenipa zawadi.

"Kesho ni siku ya kazi?" nikamwuliza.

"Ndiyo, lakini..."

"Basi nitakuwa kazini."

Jioni ile ile nikapita barabarani na kamba yangu ya zamani. Festo alikuwapo. Nikamwambia mimi ndiye msimamizi wa sehemu mpaka kesho, kwa amri ya baraza. Akasema, "Najua, Mama," akanishikia ncha ya pili ya kamba. Nikapima ngwe ya jioni, mtu kwa mtu. Nani alikuwa ameniruhusu? Nilijiruhusu. Wangenifanya nini, wangenifukuza?

Ijumaa watu waliingia alfajiri. Niliwahi kabla yao. Nilizunguka, nikakagua migongo, nikarudisha wawili waliokuwa wameacha mtaro una kina kidogo, sikuwaonea haya kwa sababu ya ukubwa wa siku. Jua lilipopanda juu ya mikaratusi, ngwe zote zilikuwa zimekwisha. Nikamwita mmoja mmoja kwa jina, nikamwambia imekubalika, nenda. Mama Tumaini alikuwa wa mwisho. Hakuna aliyekumbatia mwenzake. Alichukua jembe lake akaenda kupalilia.

Mratibu akaja na gari. Akateremsha kioo.

"Watu wako wapi, Mama?"

"Wamemaliza ngwe."

"Ngwe imefutwa."

"Shuka ukague. Kama kuna mahali hapajakamilika, nionyeshe."

Alitazama barabara toka garini, huku na huku. Hakushuka. Akapandisha kioo, akaondoka. Nikabaki pale mpaka saa tisa, peke yangu, kwa kuwa siku ilikuwa yangu na sikutaka kuwaachia hata robo yake. Kisha nikaikunja kamba nikaenda nyumbani.

Huko ndiko kustaafu kwangu. Hapakuwa na hotuba, hapakuwa na soda, wala mbuzi. Nimelima viazi tangu hapo, nimesomesha watoto, na watu huniambia, Mama Huruma, ulishinda, kwa nini bado unakunja uso? Nakunja kwa sababu hakuna aliyewahi kuniambia samahani. Nakunja kwa sababu waliobadilisha kipimo walituita sisi tuliopimwa nacho waongo. Juzi binti wa jirani, mwenye kidato cha nne chake safi, alirudi kutoka ofisi za wilaya kule Igwachanya kuomba kazi analia, ameambiwa kidato cha nne siku hizi si elimu, alete stashahada. Nilimkalisha, nikampa uji. Kidato cha nne cha leo ndilo darasa langu la saba, na kesho hiyo stashahada nayo itatupwa, na atakayekuwa nayo ataambiwa aliificha.

Nilimwambia lile moja nililolipata katika kazi yangu yote. Siku watakapokuchukua, watakuuliza umesoma mpaka wapi. Usijibu ofisini, mlango umefungwa, wewe na karani. Toka nje. Simama penye watu na upepo, useme kwa sauti. Asiposikia, rudia.